Kibodi Zetu Zote Zilikuwa Kondoa

Frogtown, Saint Paul
Jumamosi, baada ya magharibi

Rehema mwanangu,

Mama yako yuko jikoni anafungasha vitu ambavyo umeshamwambia mara kadhaa kwamba huko Duluth unakohamia vinauzwa. Mchele, iliki, kanga mbili, chupa ya habasoda. Mwache. Mambo ya koti, ya matairi ya theluji na ya kutokula chakula cha kopo kila siku ameshakuambia yeye, tena vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi. Nayaruka yote. Kesho asubuhi nitabeba masanduku, nitajifanya napima oili ya gari, na najua sitatamka neno lolote la maana. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Jana ulikuwa unapangusa meza ya kompyuta. Ukainua ile kibodi yenye waya, ukakung'uta vumbi, ukairudisha mahali pake. Kisha ukasema, bila kunitazama, "Mimi ndiye niliyemfuta Bibi." Ulisema kwa Kiswahili, na wewe husemi Kiswahili ovyo. Mimi nikakujibu, "Hebu nisogezee hilo sanduku." Hilo ndilo jibu nililokupa. Nimetembea nalo tangu jana kama kokoto kwenye kiatu, na sitaki uende Duluth ukiwa umelibeba lile lako.

Kwa hiyo nitakusimulia siku ile nilivyoiona mimi. Lakini siwezi kuanza na siku ile. Itabidi nirudi nyuma kidogo, univumilie.

Kompyuta yetu ya kwanza niliinunua duka la vitu vilivyotumika, hapo University Avenue, karibu na kituo cha treni. Ulikuwa na miaka minne. Ilikuwa na skrini nene kama jiko la umeme, na kibodi iliyokuwa na makombo ya mikate ya watu nisiowajua. Niliipindua, nikaigonga mgongoni, makombo yakamwagika kwenye gazeti, nawe ukafurahi ukataka nirudie. Ulikaa mapajani kwangu. Mkono wako haukuweza kukizunguka kipanya, kwa hiyo ulikuwa ukikishika kwa mikono miwili na kukisukuma kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Nilikuwa nikikuambia, "Usiguse hapo," "Usibonyeze hiyo," "Muulize baba kwanza." Nikikumbuka leo naona nilisema "usiguse" mara nyingi kuliko jina lako.

Jumamosi asubuhi saa mbili ndiyo ilikuwa saa ya Bibi. Kondoa ilikuwa saa kumi jioni. Baba yako mdogo Shabani alikuwa anatoka shuleni kwake anakofundisha, anampelekea mama simu, anamshikia mbele ya uso. Kwa miaka mingi tulimwona Bibi kuanzia puani kwenda juu, kwa sababu Shabani hakuwahi kujua kuishika simu sawasawa.

"Huyo mtoto amekula?"

"Amekula, mama."

"Mwache aseme mwenyewe."

"Nimekula, Bibi," unasema.

"Umekula nini?"

Hapo ndipo ulipokuwa unakwama, maana ulikula vitu ambavyo hukujua majina yake kwa Kiswahili. Bibi akikuona umenyamaza anasema, "Basi amekula hewa. Shabani, andika, mjukuu wangu kule Marekani analishwa hewa." Ulikuwa unacheka mpaka unashuka kitini.

Mimi nilikuwa narekodi. Kila Jumamosi. Unajua kwa nini. Karatasi zangu za ukaazi zilichukua miaka mingi kukaa sawa, na mtu ambaye karatasi zake hazijakaa sawa akitoka nchi hii hana hakika ya kurudi. Sikuweza kwenda kumwona mama yangu. Nikaamua, kama siwezi kwenda, basi angalau nisipoteze kitu. Nikaweka folda, nikaiita Bibi, na kila simu nikaipa tarehe yake, kama ninavyofanya kwenye daftari langu la kila siku. Kila tulipobadilisha kompyuta, folda ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kuhamishwa.

Kosa langu hapo sikuliona kwa muda mrefu. Wakati Bibi anaongea, mimi nilikuwa natazama kama ile alama nyekundu ya kurekodi inawaka. Nilikuwa najiambia nitamsikiliza vizuri baadaye.

Kisha nikanunua diski. Ile nyeusi ndogo, ya kuchomeka nje. Kijana wa dukani alinieleza kwamba kompyuta ikianguka, ikakataa kuwaka yenyewe, unaichomeka diski hii, kompyuta inawakia humo, halafu inarudishwa vile ilivyokuwa siku uliyochukua nakala ya mwisho. Nililipenda jambo hilo kuliko unavyoweza kufikiri. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya simu ya Bibi, nilichukua nakala, nikaandika kwenye daftari langu "nakala imechukuliwa", nikairudisha diski kwenye soksi yake ndani ya droo. Mama yako alikuwa akisema, "Mwenzangu ana mke wa pili, anamweka kwenye soksi."

Kule Shakopee, kwenye ghala ninakoendesha mashine ya kuinulia mizigo, hatuanzi zamu kabla ya kuizunguka mashine. Unakagua breki, unapiga honi, unainua uma na kuushusha. Hata kama jana ilifanya kazi. Nimefanya hivyo miaka yote bila kuchoka. Lakini diski ile sikuwahi hata siku moja kuijaribu. Sikuwahi kuizima kompyuta nikaiwasha kwa diski, nione nini kinatokea. Niliona inatosha kuwa nayo.

Sasa nije kwenye pipa.

Umekua ukiliona lile pipa la bluu gereji, hukuwahi kuona ajabu yake. Nyumbani kwetu kitu ambacho hakikutumika mwaka mzima si chetu tena, ni cha Kondoa. Viatu, sufuria, mashuka, madaftari yenye kurasa tupu. Linajaa, linaingia kwenye kontena la watu wengine wa Tanzania, linapotea baharini miezi mitatu, kisha Shabani anapiga picha akiwa amesimama kando yake. Mwaka jana, sikukuu ya Idi, wewe uliniletea zawadi kwa mshahara wako wa kwanza wa pale dukani: kibodi na kipanya visivyo na waya. Vyembamba, vyeupe, vinaongea na kompyuta kwa hewa tu. Sijui kama nilikuambia nilivyojisikia. Nilivuta kiti nikakaa mbali na meza, nikaandika jina lako kutoka huko mbali, lionekane kwenye skrini.

Na siku ileile nikakusanya kila kibodi na kila kipanya chenye waya kilichokuwa ndani ya nyumba hii. Shule ya Shabani walikuwa wamepewa kompyuta za msaada zisizo na kibodi. Nikaona haitoshi, nikazunguka mtaa mzima. Kwa jirani yetu Mkenya, Mama Njeri, nikabeba mfuko.

"Acha hata moja," mama yako alisema.

"Ya nini? Sisi tumeshavuka huko."

Akaendelea kukunja mashuka.

Bibi alianza kuugua mwezi wa nane. Unakumbuka nilichukua zamu za ziada, Jumamosi pia, ili hospitali ya kule isikose kitu. Simu za Jumamosi zikawa zako. Ulikuwa unaamka mwenyewe, unaikalia kompyuta, unaongea naye, na ulikuwa unarekodi kama nilivyokufundisha. Jioni nilikuwa nakuuliza, "Bibi hajambo?" unasema, "She's okay, Baba," unaenda kufanya kazi za shule. Mimi nilijiambia nitasikiliza yote siku nikipata nafasi. Mwezi wa kumi Bibi akafariki. Karatasi zangu zilikuwa bado; waliomzika ni wengine.

Sikuzisikiliza zile simu. Niliogopa. Ile ya mwisho hasa, ambayo mliongea muda mrefu siku chache kabla hajafa. Nilitaka kujua jambo moja ambalo sikumwambia hata mama yako: kama mama yangu alikufa ananilaumu kwa kutokuja. Nikaamua tutaisikiliza siku ya arobaini, nikiwa nimezungukwa na watu, ili nikianguka niangukie kwa watu.

Asubuhi ya arobaini theluji ilikuwa imeziba mlango. Kompyuta ikakataa kuwaka. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Mama yako akashika kichwa. Mimi, mwanangu, nilitabasamu. Nilienda kwenye droo, nikaitoa diski kwenye soksi, nikasema, "Tulieni."

Nikaichomeka. Kompyuta ikanguruma, ikawaka kupitia diski, kama kijana wa dukani alivyosema. Ukurasa wa bluu ukaja, una machaguo, na mshale mdogo katikati. Nikasogeza kipanya. Mshale ukabaki palepale. Nikabonyeza kibodi. Hakuna. Nikabadilisha betri. Hakuna. Nikavitikisa vyote viwili, nikavisemesha.

Wewe ukasema kwa utaratibu, kwa Kiingereza kama kawaida yako, "Baba, nafikiri havitambui. Hivi vya hewani ilibidi tuvitambulishe kwa ile kompyuta yenyewe. Sasa hivi haiko kwenye mfumo wake, iko kwenye diski. Diski haivijui. Inataka vya waya."

"Vinafanya kazi kila siku," nikasema.

"Kila siku kompyuta inakuwa nzima," ukasema.

Mama yako akaketi kwenye ngazi, na nilijua anachotaka kusema, na namshukuru hakusema.

Nilimpigia Shabani, sijui kwa nini. Labda nilitaka tu mtu wa kule awe nami siku ile. Nikamweleza. Akasema, "Kaka, kibodi zako zote ziko hapa. Zinafanya kazi vizuri sana. Nikuwekee kwenye pipa?" Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Nikavaa mabuti nikaenda kwa Mama Njeri. Alifungua mlango ameshika mwiko, alikuwa anatupikia chapati za hitima.

"Mama Njeri, una kibodi ya waya?"

"Baba Rehema. Si ni wewe ulikuja hapa na mfuko, ukabeba zote? Ata ile ya watoto ya kuchezea. Ukasema Tanzania wanaumia."

"Nilisema."

"Sasa mimi nitatoa wapi ingine? Enda uulize hao Watanzania."

Niliporudi ulikuwa umeshatoka. Gari lilikuwa limefukiwa, kwa hiyo ulikwenda kwa miguu mpaka University Avenue, lile duka la zamani. Ulirudi nyusi zako zina barafu, umeikumbatia kibodi ndani ya koti, waya wa kipanya unaning'inia mfukoni. Ulivichomeka vyote viwili nyuma ya kompyuta. Mshale ukasogea.

Na sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo unapojihukumu.

Ulikaa wewe kwenye kiti. Mimi nilisimama nyuma yako, na wageni wa kwanza walikuwa wanakung'uta viatu mlangoni. Nikasema, "Bonyeza hiyo ya juu, Rehema, watu wameshafika." Ukasema, "Ngoja nisome kwanza, Baba." Ukasoma. Kisha ukanigeukia ukauliza, "Inasema itairudisha kompyuta kama ilivyokuwa siku ya nakala ya mwisho, na vyote vilivyokuja baada ya hapo vitafutika. Nakala ya mwisho ni ya lini?"

Nikakujibu, "Ya mwezi huu. Bonyeza."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Daftari langu lilikuwa ghorofani, kando ya kitanda. Ningepanda zile ngazi, ningeona kwamba tangu mwanzo wa mwezi wa nane sijaandika "nakala imechukuliwa" hata mara moja, kwa sababu Jumamosi zote nilikuwa Shakopee. Wewe uliuliza swali lililotakiwa kuulizwa. Ulimuuliza mtu aliyetakiwa kujua. Akakupa jibu la uongo, ingawa hakujua ni uongo, na wewe ukamwamini kwa sababu ni baba yako. Kidole kilikuwa chako, neno lilikuwa langu. Hilo ndilo nililotakiwa kukuambia jana badala ya kukuomba sanduku.

Tulikaa wote tukitazama ule mstari ukijaa. Unakumbuka? Sebule nzima ya watu wazima, na sambusa mikononi, wanatazama mstari wa bluu. Mama Njeri akauliza, "Sasa huyu anatoka saa ngapi?" kama tuko hospitali tunangoja mtoto azaliwe. Ulipojaa, kompyuta ikawaka, picha yetu ya Como Park ikatokea, na folda ya Bibi ikawa pale. Watu wakasema alhamdulillah. Nikaifungua. Simu ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa nane, Bibi analalamika mbuzi wa jirani wamekula mboga.

Nilitafuta mara nyingi. Wewe ulikuwa umeshajua. Nilikuona mgongoni tu, mabega yamepanda.

Nikataka kuwaambia watu tusome Yasini tumalize. Ndipo ulipogeuza kiti. Umeishi nyumba hii miaka yote ukitujibu kwa Kiingereza, tukisema njoo unasema coming, tukisema kula unasema later. Ukaanza kusema, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, na si Kiswahili changu wala cha mama yako. Kilikuwa cha Bibi, na ule mvuto wa Kirangi mwishoni mwa maneno. Ulisema alianza kwa kukuuliza umekula. Ukasema ulimtajia ugali na mchicha, na akakwambia, "Leo umekula chakula cha watu." Kisha akauliza, "Baba yako yuko wapi?"

"Kazini, Bibi."

"Bado?"

"Bado."

Nilishika ukingo wa meza.

Ukasema Bibi akauliza tena, "Akirudi kazini anafanyaje?" Nawe ukamweleza. Kwamba naketi ngazi ya chini, navua kiatu kimoja, kisha nalala hapohapo, kingine kikiwa bado mguuni, na mama yako anakuja kunifunika. Ukasema Bibi alicheka. Alicheka sana. Akasema, "Bado tu? Alikuwa hivyo tangu darasa la pili. Akitoka shule anavua kimoja, analala mlangoni, mbuzi wanamruka." Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na baba yako mdogo akasema tupumzike, akamwondolea simu.

Ulipofika hapo uliiga kicheko chake. Hujui ulichofanya. Sebule nzima ilicheka, na mama yako alilia, na mimi nilitoka nje bila koti nikasimama kwenye theluji mpaka Mama Njeri akaja kunirudisha ndani kwa mkono kama mtoto.

Kuna watu waliniambia baadaye kwamba fundi angeweza kuiokoa ile simu kama tusingeharakisha. Huenda. Nimeshakaa na wazo hilo wakati wote wa baridi na halina la kunifanya tena. Ningekuwa na ile rekodi, ningeisikiliza peke yangu garini, na najijua mwenyewe nilivyo, ningekuwa natazama kama sauti imeshika vizuri. Nisingekusikia wewe.

Nimekuwa mtu wa kuweka. Nimeweka nakala, nimeweka tarehe, nimejaza mapipa. Sijuti yote. Shabani anasema wanafunzi wake wameshika kompyuta kwa zile kibodi, na mmoja anaandika haraka kuliko yeye. Lakini miaka yote uliyokuwa mapajani kwangu nilikuwa nakuondoa mkono kwenye vitufe ili kisiharibike kitu, na siku kitu kilipoharibika wewe ndiye uliyejua. Duluth hakuna atakayekuambia usiguse. Utavunja vitu. Utamwamini mtu anayesema kwa sauti ya kujua, na atakuwa amekosea, na utabonyeza. Ikitokea, piga simu. Sitauliza nani alibonyeza.

Simu zako sitazirekodi. Nimeliwaza sana, maana mkono umezoea. Lakini hapana.

Juzi nilimwendea msimamizi wangu nikamwomba aniondolee zamu ya Jumamosi. Akauliza sababu, nikamwambia binti yangu anahama, atakuwa anapiga simu. Akasema anaweza kunipa mapumziko ya nusu saa, nimtajie tu simu itakuwa saa ngapi. Nikamwambia sijui, hilo ataamua binti mwenyewe, kwa hiyo naomba siku nzima. Amekubali.

Baba yako